Muhtasari wa Kikao, Ikambilo

Mkutano ulifunguliwa kwa sala, saa nne asubuhi.
Ndivyo nilivyoandika. Ukweli ni saa tano na nusu,
maana watu walipitia kwanza kwenye mizani ya chai,
na jani likishachumwa halimsubiri mwenyekiti.

Ajenda ya pili: boma.
Boma letu mnalijua. Tofali za kuchoma,
tulizobeba vichwani kutoka tanuru la kina Mwakibinga,
kila kaya mia mbili,
asiye na tofali alete mchanga wa mtoni.
Limeishia kwenye linta, huu mwaka wa tatu.
Ndani umeota ukoka,
na mbuzi wa mwalimu mkuu
ndiye mwanafunzi asiyekosa kipindi.
Rungwe mvua haina likizo. Darasa la tatu na la nne
wanasoma chumba kimoja, mgongo kwa mgongo,
ubao huku, ubao kule,
saba mara nane ikiangukia
katikati ya hadithi ya sungura.

Ajenda ya tatu: mapato na matumizi.
Bwana Gwakisa, mwenyekiti wa kamati, alisoma vizuri,
kwa sauti yake ileile ya besi ya kwaya:
misumari, mbao za mlingoti,
saruji mifuko arobaini na minane.
Akauliza kama kuna swali,
huku akikunja karatasi.

Atuganile alisimama na mkoba wa shule wa mwanawe.
(Nilitakiwa niandike: mjumbe mmoja alitaka ufafanuzi.)
Akatoa daftari. Limevaa karatasi ya saruji.
Akasema: Mifuko mitupu niliiomba mimi kwa fundi,
yote, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.
Nikaikung'uta, nikaikata,
mfuko mmoja madaftari manne.
Nimefunika ya la tatu, nimefunika ya la nne,
mia moja ishirini na manne.
Gawanyeni wenyewe.

Watu wakainamia vidole vyao.
Mmoja alichora udongoni kwa fimbo, akafuta, akachora tena.
Watoto waliokuwa dirishani,
hesabu ya namna hiyo walifanya wiki iliyopita,
wakawatangulia baba zao:
Thelathini na moja!

Mwenyekiti akakohoa.
Mingine, akasema, iliharibiwa na unyevu. Iliganda.
Fundi Ipyana hakuinuka hata kwenye tofali alilokalia.
Saruji ikiganda inakuwa jiwe, alisema.
Tuonyesheni mawe kumi na saba.

Diwani alitazama saa.
Alitukumbusha kwamba fedha za wilaya zina taratibu zake,
na kwamba mchango wa mwananchi ni moyo.
Moyo tunao, ikajibu sauti ya mama huko nyuma.
Risiti ndiyo hatuna.

Iliazimiwa: stoo iwe na kufuli mbili,
funguo moja kwa kamati, moja kwa Atuganile.
Iliazimiwa: kila shilingi iingiayo na itokayo
iandikwe kwa chaki kwenye ukuta wa boma,
upande wa ndani. Ndiyo, mvua itaifuta.
Basi iandikwe tena kila Jumatatu,
na la nne ndio waandike.

Ajenda ya mwisho: mengineyo.
Hapa sikuwa na mjumbe wa kujificha nyuma yake.
Hati ya mapokezi ina saini mbili,
na ya pili ni yangu, katibu.
Lori lilikuwa linanguruma, giza linaingia,
nikajaza arobaini na minane kwa kuambiwa.
Nilisimama, kalamu mkononi, nikasema hivyo.
Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyezomea.
Atuganile alisema tu: Liandike na hilo.

Nimeliandika.
Mvua ilianza, tukasogea karibu na kuta
zisizo na paa, kana kwamba zingetusaidia.
Mkutano ulifungwa saa tisa na dakika kumi.
Hiyo ndiyo saa yenyewe.